Uzi Mweusi

Watu walianza kupiga kelele hata kabla mkono haujatokea. "Uzi! Uzi!"

Hiyo ndiyo raha ya sinema ile tangu sehemu ya kwanza: mkono wa maiti, uliotengenezwa kwa sponji, unatambaa kwenda kumkaba muuza maandazi, na uzi mweusi unaouvuta unaonekana hadi benchi la nyuma. Sehemu ya pili ilikuwa mbovu zaidi, wakaipenda zaidi. Leo ilikuwa ya tatu.

Madirisha ya banda la video yalizibwa kwa magunia, na shuka jeupe likatundikwa ukutani la kuonyeshea sinema. Chiku, mvuta uzi, alikaa kando ya Makame, mtengenezaji wa sinema.

Mkono ukatokea sakafuni, ukatambaa taratibu, kidole baada ya kidole. Watu wakaangua kicheko, kisha wakakodoa macho kuutafuta uzi.

"Safari hii umeuficha mno, dada," Makame akanong'ona. "Umewanyima utamu wao."

"Siku ya kupiga picha si nilikuwa naumwa, kaka? Nilijua umemweka mtu mwingine avute."

"Mtu gani? Nilifika nikakuta mkono unatambaa, nikawasha kamera. Nilijua uko nyuma ya kabati."

Chiku akapapasa mkoba wake. Uzi ulikuwamo, bado umefungwa karatasi ya dukani.

Kwenye shuka, mkono ulimpita muuza maandazi bila kumgusa, ukazidi kuja mbele. Kicheko kilikwisha. Mtu mmoja tu ndiye aliyeita tena, safari hii kama anayeomba.

"Uzi, jamani. Tuonyesheni uzi."

Mkono ukasimama ukingoni mwa shuka, ukageuza vidole kuelekea sauti ile.