Kioo Kabla ya Kupoa

Kwenye karakana ya machimbo, Tunu ndiye aliyeunganisha kioo na chuma katika viwashio vya baruti. Mwanga wa leza hupita kwenye kioo hicho na kuwasha baruti inayolipua mwamba. Kioo kikitolewa tanurini kabla ya kupoa hupata ufa, na moto humrudia anayewasha. Ndivyo alivyokufa kaka yake, Mbaraka, na msimamizi Shekue akawaambia wakubwa kwamba marehemu alikuwa amelewa.

Leo Shekue mwenyewe angewasha mbele ya wageni.

“Kitoe,” alisema. “Watu wamechoka kungoja.”

Siku aliyokufa Mbaraka, Tunu alibishana na Shekue hadi akatukanwa. Safari hii alifungua tanuri, akakitoa kiwashio kwa koleo. Kioo kikalia kidogo, kama mtu aliyeng’ata changarawe.

“Nini hiyo?”

“Chuma kinapoa, bwana.”

Shekue akakifunga kwa kitambaa, akacheka. “Leo huna maneno? Basi njoo usimame nami, wageni wakuone.”

Tunu akavua glavu, akamfuata hadi shimoni. Wageni walikuwa mbali, nyuma ya ukuta. Shekue alipoweka kidole kwenye kitufe, Tunu alisogea karibu zaidi, auone uso wake vizuri.