Sauti ya Majaribio

Fundi mitambo aliisimamisha tena ile sauti iliyorekodiwa palepale. Msichana amekwisha uliza swali, bibi kizee anavuta pumzi ajibu, mara kidole cha fundi kikabonyeza, kimya.

"Safi," alisema bila kugeuka. "Ilivyoingia ndivyo ilivyotoka."

Mkutubi mkuu alimtazama kisogoni. Alikuwa mgeni pale maktaba, kiti chenyewe kilikuwa bado na umbo la mkuu aliyestaafu, na mchana ule kamati ingekaa kuchagua mfumo wa kutunzia kazi zote za chuo kwenye kompyuta. Ndio uamuzi wake wa kwanza mkubwa. Ukija kunuka rushwa, jina litakalotajwa ni lake.

Na tayari alikuwa anasikia harufu.

Mifumo iliyobaki ilikuwa miwili. Mmoja mwepesi, unapokea tasnifu na makala, basi. Wa pili mzito, unameza mpaka sauti na picha, na unadai mashine kubwa na chumba chenye ubaridi wake. Wakati chuo kizima kina maandishi matupu! Sauti zilikuwa hizi tu, mahojiano ya mtafiti mmoja na wakunga wa zamani. Lakini fundi, mtu wa kimya asiyebishana hata akikaliwa kwenye kiti chake, alikuwa ameung'ang'ania ule mzito kama kupe.

"Fundi, mbona kila jaribio unatumia sauti hiyohiyo?"

"Nimeizoea, mama. Ikiharibika hata kidogo nitajua."

"Na mbona hatufiki kwenye jibu?"

Fundi alikichezea kipanya. "Jibu ni refu," alisema, akazima kompyuta na kutoka.

Mkutubi mkuu akaguna. Asubuhi ileile alikuwa amemwona kutoka dirishani, kwenye maegesho, pamoja na wakala wa mfumo mzito. Mkono wa wakala uliingia ndani ya mkono wa fundi ukakaa humo kupita salamu yoyote anayoijua. Kisha fundi akautia mkono mfukoni upesi, akatoa leso, akajifuta jasho usoni. Jasho, na kibaridi kile cha asubuhi! Mtu hatoki jasho la bure.

Alikwenda kwa katibu muhtasi, mama ambaye habari za jengo zima zilikuwa kiganjani mwake.

"Huyu msichana aliyerekodi wakunga, alitoa ruhusa kazi yake itumike?"

Katibu muhtasi aliacha kuchapa. "Ni marehemu, mama. Alipata ajali ya gari kabla hajaitetea tasnifu yake."

"Sasa fundi aliipata wapi?"

"Hilo muulize mwenyewe," alijibu katibu, akarudi kuchapa kwa kishindo kama anayepiga misumari.

Alaa! Kumbe hata huyu yumo. Mkutubi mkuu alipanda ngazi huku akichemka. Ujanja ulioje huo, kuchukua kazi ya marehemu, asiyeweza kuja kulalamika! Alipofika juu, jambo zima likamfungukia kichwani. Mfumo wenyewe ulikuwa mbovu. Unahifadhi mwanzo wa sauti, halafu mbele huko unakwaruza au unakata kabisa, na fundi analijua hilo. Ndiyo maana kila mara anaiwahi kabla ya jibu. Amelishwa, na sasa anataka kuwalisha wenzake.

Alijisikia vibaya, kusema kweli. Alikuwa ameanza kumpenda mzee yule kwa upole wake.

Fundi alikuwa ameenda kula. Mkutubi mkuu aliingia chumba cha mitambo, akafunga mlango na kuwasha kompyuta. Akavaa vipokea sauti vya masikioni. Kwenye meza mbele yake aliweka barua ya kumsimamisha fundi kazi, bado bila saini. Akiusikia huo mkwaruzo tu, kalamu ilikuwa tayari mkononi. Akabonyeza.

"Bibi," ilisema sauti ya msichana, changamfu, karibu kabisa na sikio, "enzi zenu mlijuaje kama mtoto atatoka salama?"

Bibi kizee akavuta pumzi. Mkutubi mkuu akaegemea mbele, akisubiri ikwaruze.

Haikukwaruza. Kiti cha bibi kizee kilisikika kikilia, na hata jogoo wa mbali aliwika vizuri.

"Kabla sijakujibu, mwanangu," alisema bibi, "hebu niambie kwanza. Wewe mtoto wa nani?"

Msichana akacheka.

"Wa fundi mitambo, bibi, yule wa maktaba ya chuo. Ameniapia kwamba sauti yako haitapotea."