Mtego wa Nambua

Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, alikuja na nyundo na fungu la miwa. Kanuni ilikuwa moja, ya kuzuia mitego inayotesa wanyama: mtego ukiuponda muwa hadi ukatoka maji, unavunjwa palepale. Watega pelele, wale pimbi wa mawe, wa mji ule walijipanga uwanjani tangu asubuhi, na kufikia saa nne mitego saba ilikuwa imeshakuwa chuma chakavu.

Ikafika zamu ya Nambua. Mtego wake haukuwa na meno. Aliyasaga yote kwa tupa, kisha akazishonea taya zake ngozi ya ng'ombe.

"Huyu mtego wake kauvika nepi!" alicheka Kilanga, aliyesimama nyuma yake.

Bwana nyama akachukua muwa.

"Uweke chini, bwana," Nambua akamwambia. "Muwa haujui uchungu."

Akainua mkono wa kulia, ule anaolia chakula, watu wote wauone. Akautia mtegoni. Taya zikajifunga kwa kishindo.

Nambua akasimama wima, mtego ukining'inia mkononi, akachezesha vidole vyote vitano mbele ya uso wa bwana nyama.

"Nyama ya pelele nala, ngozi yake navaa," akasema. "Mateso yake sina kazi nayo."

"Nikufungue, mama?"

"Ngoja. Andika kwanza kwamba mitego yangu naikagua kila alfajiri, pelele asishinde mtegoni."

Bwana nyama akaandika. Kisha akaita anayefuata, na safari hii hakuchukua muwa.

Kilanga akausogeza mtego wake mbele. Akayatazama meno ya mtego, halafu akautazama mkono wake.