Sikio la Kushoto

Kila asubuhi Zawena, mtumishi wa ndani, alikipakata kijibwa cha Bi Shamsa na kukibandika plasta masikioni, ili yasimame kabla wageni hawajaja kukitazama. Sikio la kulia alilinyoosha vizuri. La kushoto alilibandika likiwa limelegea, makusudi. Sikio lake mwenyewe la kushoto lilikuwa halisikii kitu tangu siku alipovunja birika na Bi Shamsa akamzaba kofi.

Jumamosi wageni walijaa sebuleni, plasta zikabanduliwa. Sikio la kulia likasimama wima, la kushoto likalala kama mchicha uliochemka. Wageni wakaangua kicheko.

"Wewe! Mbona hili halisimami?" Bi Shamsa akafoka.

Zawena akageuza kichwa taratibu, akamtegea sikio la kulia. Akamwacha alirudie swali mbele ya watu wote.

"Sijui, mama," akajibu kwa adabu. "Labda kilizabwa kofi."

Kicheko kikakatika. Bi Shamsa akauvuta mkono wake wa kulia, akauficha ndani ya mtandio. Kijibwa kikaufuata humo humo, kikiunusa.