Gia ya Mama Mkwe

Kila mzigo ulipotua kwenye buti, gari lilitikisika juu ya jeki na vumbi likammwagikia machoni mwenye nyumba, aliyekuwa amelala chali chini yake.

"Taratibu jamani! Kuna mtu huku!"

"Tunajua, baba," alijibu mama mkwe kutoka kwenye kiti chake kivulini. "Miguu yako tunaiona."

Gari lilikuwa la mama mkwe. Alikuja nalo kusalimia tu, siku mbili tatu. Asubuhi ya kuondoka likagoma: mkono wa gia ulicheza huku na huko kama mwiko kwenye sufuria tupu, lakini gari halikutoka kwenye P, gia ya kuegesha. Mgeni akarudisha mkoba wake chumbani, na tangu hapo nyumba ikawa na wakubwa wawili. Chumvi aliisema. Kelele za televisheni alizisema. Na mwenye nyumba alipompigia mkewe mluzi amletee maji, kama alivyozoea, mama mkwe alitua kikombe chake mezani.

"Mwanangu nilimpa jina, baba. Ukilisahau, niulize."

Fundi aliyepigiwa simu alisema ni bushi tu, kile kipete cha plastiki kinachoshikilia waya wa gia pale unapoungana na giaboksi. Kimekatika, waya umechomoka. Angekuja Jumatatu.

Jumatatu! Mwenye nyumba aliona giza. "Kazi ya bushi naiweza mwenyewe," akatangaza, yeye ambaye hata balbu hakuwahi kuibadilisha bila kuita majirani.

Mkewe, aliyekuwa kimya siku hizo kama maji ya mtungini, hakubisha. Alitoka, akarudi na bushi mpya kutoka duka la spea, na kopo la grisi juu yake. Mume akaguswa moyo. Kumbe naye mama yake kamchosha, alijisemea. Mke ndiye huyu.

Basi akaingia chini ya gari. "Koleo!" Mkono wa mkewe ukaleta koleo. "Tochi!" Ukaleta tochi. Kisha miguu yake ikarudi ndani, ikatoka tena ikikokota, na mzigo mwingine ukatua kwenye buti, pu!

"Mama," mume aliita kwa adabu iliyopakwa asali, "naona mizigo imezaana."

"Ndiyo, baba. Vitu vya mwanamke huvijui wingi wake mpaka siku anavikusanya."

Anahamisha masufuria yangu huyu, mwenye nyumba aliwaza. Na ahamishe. Abebe hata jiko, mradi aende.

Bushi ilikataa kuingia. Aliisukuma kwa kidole gumba, akaisukuma kwa koleo, akajichuna ngozi ya vidole na kutaja maneno yasiyotajwa mbele ya wakwe.

"Iloweke kwanza kwenye maji ya moto," mkewe alisema, ameinama. "Plastiki italainika."

"Najua!" alifoka. Akanyoosha mkono nje. "Yako wapi hayo maji?"

Yalikuwa tayari kwenye bakuli.

Ikaingia. Waya nao ukajibana mahali pake, ta! Akatoka chini mweusi kwa grisi, anacheka peke yake kama aliyezaliwa upya. Alishusha jeki, akawasha injini, akakanyaga breki. R: gari likarudi nyuma kidogo. D: likaja mbele, laini kabisa.

"Nani alisema nisubiri fundi?" aliuliza ua mzima, akishuka.

"Hakuna, baba," mama mkwe alisema, akiketi kwenye usukani. "Umetutendea wema."

Mwenye nyumba alikimbilia geti, akalifungua mbawa zote mbili asije mtu akabadili nia. Alipogeuka, mkewe alikuwa anatoka ndani, kavaa viatu vyake vizuri. Akapita, akafungua mlango wa mbele wa gari, akakaa kando ya mama yake.

"Unamsindikiza mpaka wapi?" mume aliuliza, bado anatabasamu.

Mkewe alifunga mkanda.

Mama mkwe alitia gia na kushusha kioo. "Ahsante sana, baba. Bila wewe tusingeondoka."