Bado Moja

Pasaka ile, watu wa Kolo waliacha kuyangoja mpaka la mwisho magari ya mashindano waliyoyashangilia miaka yote. Yalipita kwa kasi mno, sura ya dereva haikuonekana, wala halikusimama hata moja kuomba maji. Watu wakaondoka kabla vumbi halijatua.

Alibaki Loisi na kibuyu chake cha maji. Zamani marehemu mumewe ndiye aliyelaza sikio barabarani kusikiliza kama lipo jingine linalokuja, na hakuna aliyeondoka mpaka aseme, "Yamekwisha."

"Twende, shemeji," alicheka rafiki wa marehemu, tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. "Magari ya siku hizi hayana kiu."

"Hakuna aliyesema yamekwisha."

"Basi sema wewe, twende zetu."

Loisi alipiga magoti, akalaza sikio. Udongo ulikuwa na joto kama shavu la mgonjwa. Chini kabisa gari lilikuwa linakuja polepole, likikohoa kama marehemu alivyokohoa siku zake za mwisho.

Tarishi naye aliinama kusikiliza. Kicheko kikamkatika.

"Bado moja," Loisi alisema.

Barabara ilikuwa tupu mpaka mlimani.

Siku hizi kibuyu hukaa kando ya barabara, na kila asubuhi Loisi hukikuta kitupu, akakijaza tena.