Nywila ya Salha

Siku hizo kompyuta zilikatazwa kuhifadhi nywila ya mtu yeyote. Kila jioni nywila mpya ilisomwa na ndugu mmoja wa damu, akalala nayo kichwani, na asubuhi akamnong'oneza mwenyewe ndipo afungue kompyuta yake ya kazi. Nywila ya Salha ilitunzwa na mama yake, Bi Mwanakheri.

Asubuhi hiyo Salha alipiga magoti kando ya kitanda, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikwisha kumwosha mama, akamnywesha uji, akambadilisha kanga.

"Mama, naomba nywila."

"Ninayo," alisema Bi Mwanakheri, akigusa paji la uso wake. "Sijaisahau."

"Nipe basi. Nimeshachelewa kazini."

Mama alimtazama kwa upole. "Uniwie radhi, bibie. Umenihudumia vizuri, lakini hii ni ya mwanangu. Siwezi kumpa mtu baki."

Salha alifumba macho kidogo.

"Mwanao ni nani, mama?"

"Salha," alijibu bila kusita, akampisha nafasi kitandani. "Keti tumngoje. Hakawii kuja."